Yamaha 15 ya zamani, kompresheni imeshuka silinda ya juu: nifungue au ninunue nyingine?

Nanga_Kilwa

Habari wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaozijua hizi mashine kwa undani.

Mashine ni Yamaha 15 ya 2-stroke, silinda mbili, ya kuvuta kwa kamba, shafti ndefu. Inafungwa kwenye boti ya faiba ya futi 20, kazi ni nyavu na mishipi, maji ya chumvi muda wote. Umri wake ni zaidi ya miaka 15. Dalili ni hizi: asubuhi inawaka baada ya mivuto minane hadi kumi, ikipata moto inapoteza nguvu, na ukiizima ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe. Inakojoa (inatoa maji ya kupoza), lakini mkojo ni mwembamba na wa moto kiasi kwamba kidole hakivumilii. Geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inasoma psi 70 silinda ya juu na 105 ya chini. Oili ya gia imetoka na rangi ya chai ya maziwa.

Fundi anataka ninunue pistoni mbili, ringi na seti ya gasketi, afunge kwa siku mbili. Upande wa pili kuna mtu anauza mashine ya aina hiyo hiyo iliyotumika, bei yake kama mara mbili ya gharama aliyotaja fundi. Kusi limeshaanza, boti iko juu, kwa hiyo muda upo wa kama miezi miwili. Nifungue hii au nichukue ile? Na kama ni kufungua, nianzie wapi nisije nikamwaga pesa kwenye chuma kilichokwisha?

---

Fundi_Feri

Mkuu, usinunue pistoni hata moja kwanza. Silinda ya juu ina kilichoiua, na hicho bado kimo ndani ya mashine. Ukifunga pistoni mpya bila kukitoa, nayo itakufa vilevile, tena haraka kwa sababu pistoni mpya imebana. Mkojo mwembamba wa moto, nguvu kupotea ikipata joto, juu kuwa mbovu kuliko chini: yote haya yananuka upungufu wa maji ya kupoza. Maji yanasukumwa kutoka chini kwenda juu, yakipungua silinda ya juu ndiyo inayokosa kwanza.

Rudia kipimo cha kompresheni kwa utaratibu. Toa plagi zote mbili, nyaya zake zigusishe kwenye blok (mwili wa mashine) ili CDI, kifaa cha umeme wa plagi, isiungue, fungua mafuta hadi mwisho kwenye mkono wa gesi, kisha vuta kamba kwa nguvu mara tano au sita mpaka sindano isipande tena. Usiiamini sana namba yenyewe, maana geji hazilingani. Kinachosema kweli ni tofauti ya silinda na silinda, ambayo ikizidi asilimia 10 hadi 15 kuna tatizo, na yako ni theluthi nzima. Sasa mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya 2T (ya mashine za 2-stroke) kwenye tundu la plagi ya juu, vuta mara mbili kuitawanya, pima tena. Ikipanda sana, ringi au silinda zimekwisha. Isipopanda, gasketi ya hedi (kifuniko cha silinda) au hedi yenyewe ndiyo ya kutiliwa shaka.

Baada ya hapo fungua mfuniko wa ekzosti ubavuni mwa blok. Hapo utaiona pistoni na ringi kupitia matundu ya moshi bila kugusa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Tahadhari na boliti: kwenye chumvi zimeshikana na aluminiamu, na ukizilazimisha zinakatika vichwa. Zipake mafuta ya kulegezea kutu usiku kucha, zigonge vichwa kidogo kwa nyundo, zipashe kwa gesi pembeni ya tundu (usichome boliti yenyewe), halafu zungusha mbele na nyuma kidogo kidogo. Boliti moja ikikatika ni kazi ya saa nzima ya kutoboa na kutia meno mapya, kwa hiyo subira hapa ni pesa.

Sasa uamuzi. Pistoni, ringi, sili, impela (gurudumu la mbawa la pampu ya maji) na gasketi hata zikifa zote hazikufanyi uitupe mashine. Kinachofanya uitupe ni blok iliyoliwa na chumvi, krenki iliyokwisha, na shafti kuu iliyogandana na krenki au iliyokula meno. Hivyo vitatu vikaguliwe kabla ya kutoa senti ya spea.

Blok: chukua bisibisi ndogo, chokonoa kingo za njia za maji, uso unaokalia hedi na uso wa ekzosti. Aluminiamu nzima inalia kavu, iliyooza inabanduka kama unga mweupe. Angalia kwa makini ile sahani ya ndani ya ekzosti inayotenganisha maji na moshi. Ikitoboka tundu dogo la sindano tu, maji yanaingia silinda kupitia tundu la moshi kila mashine inapozimwa, na asubuhi unakuta haiwaki. Sahani inauzwa peke yake, ila kama uso wa blok unaoikalia nao umeliwa, gasketi haitashika.

Shafti: toa boliti za gia boksi na uishushe. Ikishuka kwa kugonga kidogo kwa nyundo ya mpira, vizuri. Ikigoma kabisa ilhali boliti zote zimetoka, meno ya shafti yameganda ndani ya krenki na gharama yako imepanda papo hapo. Ikitoka, mulika tochi kwenye meno ya ndani ya krenki. Yawe na uso bapa; yakiwa yamechongoka kama msumeno, krenki hiyo haina maisha.

Krenki ikishatoka nje: shika konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) upande wa juu, isukume kushoto na kulia. Ikicheza zaidi ya milimita 2, beringi ya chini imekwisha. Ivute pia juu na chini kwa mstari ulionyooka. Hapo haitakiwi kucheza hata kidogo unachoweza kukihisi mkononi. Zungusha beringi kuu baada ya kuziosha kwa petroli: kukwaruza kokote ni kutu au mashimo. Krenki hii imeundwa kwa vipande vilivyobanwa kwa presi, kwa hiyo kuitenganisha na kuirudisha kunahitaji presi na dayo geji (kipimo cha upotofu), upotofu usizidi tatu za mia za milimita (0.03). Karakana ya mtaani isiyo na dayo geji usiipe.

Ukishakagua, andika bei ya kila kitu kinachohitajika pamoja na ufundi. Mimi mpaka wangu ni nusu ya bei ya mashine mbadala ambayo hali yake unaijua. Chini ya hapo fungua. Juu ya hapo iuze kwa vipande, na vipande vya Yamaha 15 vinauzika.

---

Ziwani_Kirumba

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila hiyo mashine iliyotumika nayo isichukuliwe kama jambo la hakika. "Mara mbili ya gharama ya fundi" ni bei ya mashine ambayo huenda nayo inahitaji kufunguliwa.

Ukienda kuiona, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa hedi: iwe baridi. Mashine yenye kompresheni dhaifu mara nyingi hupashwa kabla mnunuzi hajafika ili iwake kirahisi. Nenda na geji yako. Legeza skrubu ya chini ya gia boksi kabla ya kuwasha, acha matone machache yatoke: kama maji yapo yanatangulia kwa sababu ni mazito kuliko oili. Mashine ikishazungushwa, maji na oili vinachanganyika na huoni vizuri. Vichwa vya boliti za hedi vikiwa na alama za spana ujue imeshafunguliwa. Uliza kwa nini, na silinda iko saizi gani. Ikiwa tayari ni 0.50 (imepanuliwa nusu milimita kuliko ya kiwandani), hakuna saizi nyingine ya kiwandani mbele yake.

Namba iliyo kwenye kibandiko cha bracketi isomeke. Iliyokwanguliwa usiiguse hata kwa bei ya bure, wizi wa mashine upo ziwani na baharini, na utakayekutwa nayo ni wewe. Dai risiti au hati ya mauziano.

Na jambo la asili yake: ya ziwani njia zake za maji huwa safi, lakini nyingi zimekimbizwa mwendo wa juu saa nyingi kwenda visiwani na kurudi, kwa hiyo krenki na beringi ndivyo vya kuchunguza. Ya baharini ni kinyume, ndani inaweza kuwa nzima na nje imeoza. Usikague zote kwa macho yaleyale.

---

Bandari_Moja

Mkuu, kwa nini usiachane na 2-stroke? Chukua 4-stroke ya 15, mafuta inakunywa kidogo sana, na huchanganyi oili.

---

Fundi_Feri

Kwenye mafuta ni kweli. Lakini Yamaha 15 ya 2-stroke ina kilo kama 36 na ya 4-stroke inapita 50. Kama kila siku inabebwa begani kutoka ufukweni mpaka nyumbani, tofauti hiyo ni ya mtu mmoja na wawili. Tena 4-stroke inataka oili ya injini ibadilishwe kwa ratiba, haivumilii kuanguka majini, na nje ya miji mikubwa fundi mwenye spea zake ni wa kutafuta. Anayeshinda baharini saa nane kila siku, fedha ya mafuta itairudisha. Kwa swali la mwenye uzi, bei yake mpya iko nje ya hesabu aliyoitoa.

---

Nanga_Kilwa

Asanteni sana wakuu. Nimefungua kwa kufuata maelekezo, haya ndiyo majibu.

Kijiko cha oili: ya juu imepanda kutoka 70 hadi 100. Boliti moja ya ekzosti imekatika, nyingine zimetoka. Pistoni ya juu ina michirizi upande wa ekzosti, ringi ya juu imeganda kwenye mfereji wake. Ya chini ina alama nyepesi tu. Njia za maji kwenye hedi zimejaa chumvi ngumu, nusu ya matundu yameziba. Themostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) imeganda ikiwa imefunga. Impela imevunjika mbawa mbili kati ya sita na vipande vyake havipo. Sahani ya ndani ya ekzosti nzima. Gia boksi imeshuka bila shida, meno ya krenki mazuri. Konrodi zote mbili zinacheza kama milimita 1 kwa pembeni, juu na chini hakuna. Beringi kuu laini.

Silinda zimepimwa upana kwa boa geji, kwa milimita: ya juu 56.13 karibu na hedi na 56.04 chini. Ya pili 56.05 na 56.03. Gia hazijaliwa lakini sili mbili za shafti ya rafadha zimekuwa ngumu kama plastiki, na shafti ina mfereji mwembamba pale sili inapokaa.

---

Fundi_Feri

Hiyo mashine inafaa kufunguliwa, bila wasiwasi. Krenki nzima, blok nzima, meno mazima. Aliyeiua amejulikana pia: impela, chumvi na themostati kwa pamoja.

Vipande vya impela vilivyopotea lazima vipatikane. Viko kwenye bomba la maji linalopanda kutoka pampu au vimeingia kwenye njia za blok. Vikibaki, impela mpya itasukuma maji kwenye njia iliyozibwa. Piga hewa kutoka juu kwenda chini, kinyume na mwendo wa maji.

Chumvi ile usiichokonoe kwa nondo. Loweka hedi kwenye siki nyeupe au maji ya ndimu yaliyokolea kwa saa kadhaa, suuza, chokoa kwa waya laini, rudia. Asidi kali usitumie, inakula aluminiamu kabla haijamaliza chumvi. Themostati mpya ipime kabla ya kuifunga: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha taratibu uone inafunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake. Wapo wanaoitoa moja kwa moja. Mashine hapo inakimbia baridi kupita kiasi, petroli haichomeki vizuri na plagi zinachafuka. Ibaki mahali pake.

Hedi ilaze kwenye kioo kinene, pitisha fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) pembeni. Ikipita ya 0.1 mm, hedi imepinda: weka msasa namba 400 juu ya kioo na uisugue kwa kuchora namba nane mpaka uso wote ung'ae sawasawa, malizia na 600.

---

Msumeno_Gerezani

Nitaongelea silinda tu maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Silinda ya kiwandani ya mashine hii ni 56.00, ujazo wa zote mbili 246 cc. Tofauti ya juu na chini isizidi 0.08, yako ya juu ni 0.09, kwa hiyo lazima iboriwe (ichongwe iwe pana zaidi). Saizi zinazopatikana ni 0.25 na 0.50. Kabla ya kuchagua, toa aluminiamu iliyojipaka ukutani. Tumia maji ya kusafishia vyoo yenye asidi kwenye pamba ndogo, juu ya mchirizi peke yake, glavu mkononi na miwani usoni, yasidondokee sehemu za aluminiamu. Yatatoa mapovu. Yakikoma, suuza na upake oili. Mchirizi unaobaki ndiyo jeraha halisi la chuma. Pitisha ukucha: usipokwama, 0.25 inatosha. Ukikwama, jua kwamba kutoka 56.13 kwenda 56.25 unaondoa sita za mia tu kila upande. Jeraha lenye kina zaidi ya hapo halitaisha, nenda 0.50.

Nunua pistoni KABLA ya kubori, na fundi aipime kwa maikromita, milimita 10 kutoka ukingo wa chini wa sketi. Kisha abori kwa kuifuata pistoni ile, akiacha nafasi ya karibu 0.04 mm. Pistoni mbili zenye maandishi ya 0.25 zinaweza kutofautiana, hasa za kuigiza. Karakana iliyozoea pikipiki itakupa nafasi waliyoizoea. Waandikie namba kwenye karatasi na uiache pale.

Wakimaliza, pitisha kidole kwenye kila tundu la kuingizia na kutolea moshi. Kingo zikikukata kidole zitakata ringi pia. Zivunjwe kidogo kwa jiwe au msasa, halafu silinda ihoniwe ipate mistari ya kupishana ya kushika oili. Hatua hii ya kingo ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ringi hukatika saa chache baada ya kuwasha.

Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, siyo petroli. Petroli inaacha unga wa jiwe kwenye mistari. Sugua mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kausha na upake oili hapohapo, la sivyo kutu inaingia ndani ya dakika.

Ya chini, kwa 56.05 na 56.03, inaruhusiwa kubaki saizi ya kawaida na ringi mpya baada ya kuhoni kidogo. Saizi mbili tofauti kwenye blok moja hazina madhara kwa mashine ndogo kama hii.

---

Shela_Lamu

Salaam aleikum. Hapo kwa silinda ya chini mimi nitatofautiana na ndugu yangu. Blok imeshatoka, fundi wa kubori ameshalipwa nauli na kuweka mashine yake sawa. Kuongeza silinda moja gharama yake ni pistoni tu. Ukiiacha, baada ya misimu miwili utafungua tena, ununue gasketi tena na uhatarishe boliti zilezile. Mimi ningebori zote mbili 0.25.

Kisha kuna oili. Ringi ya juu kuganda kwenye mfereji ni joto, sawa, lakini tizama na oili mnayotumia. Oili ya 2T ya pikipiki na ya mashine za kukatia miti ina viungo vinavyoacha majivu. Mashine ya boti hukimbia saa nyingi mwendo mmoja na mwili wake ni baridi, kwa hivyo majivu yale hukaa nyuma ya ringi na juu ya plagi. Tafuta kopo lililoandikwa TC-W3, hiyo ndiyo ya mashine za maji. Kipimo ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita, mililita 400 kwenye dumu la lita 20. Kifuniko cha chupa ya maji si kipimo.

Petroli yenyewe ijaribuni kabla ya kutia oili. Tone moja juu ya karatasi nyeupe: petroli safi hukauka isiache kitu, yenye mafuta ya taa huacha doa. Mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati ndani ya mashine ya petroli, yakala ukingo wa pistoni upande wa ekzosti.

---

Msumeno_Gerezani

Hoja ya gharama ya kufungua mara mbili nakubali. Kama bajeti inaruhusu, bori zote.

---

Fundi_Feri

Nami nakubali. Nanga, orodha yako basi: pistoni mbili za 0.25 na ringi zake, pini mbili, klipu nne, beringi ndogo za juu ya konrodi mbili, sili za krenki za juu na chini, seti ya gasketi, themostati, seti ya pampu ya maji (impela, kikombe, sahani na ufunguo wake), sili mbili za shafti ya rafadha na za shafti kuu, na vioshea vya skrubu za gia. Namba za spea za mashine hizi nyingi huanza na 6E7 au 63V. Soma kibandiko chako, mpe muuza spea namba nzima, usimwambie tu "ya 15".

Kwenye kufunga. Alama ya UP juu ya pistoni itazame flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine). Mdomo wa kila ringi ukae kwenye kijipini cha mfereji wake. Kabla ya kuivisha, ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, pima mdomo wake: kati ya 0.15 na 0.35 mm. Klipu za zamani usizirudishe hata zikionekana nzuri. Ikichomoka moja, silinda mpya imekwenda.

Nusu mbili za krankikesi hazina gasketi. Zinakutanishwa kwa gundi maalumu ya krankikesi, utando mwembamba tu. Silikoni nene ya madirishani inazuia nusu hizo zisikutane vizuri, hewa inavuja, mchanganyiko unakuwa mkavu na pistoni inaungua. Kaza boliti kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu mbili, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na namba za kitabu.

Fungua na kisanduku cha ridi nyuma ya kabureta. Vile vijipande vyembamba vya chuma vikiwa na kona iliyovunjika, kipande kimeshaingia ndani.

Ule mfereji kwenye shafti ya rafadha: kama kina chake unakihisi kwa ukucha, sili mpya haitazuia maji pale pale. Isukume iingie ndani kidogo zaidi, kama milimita moja, mdomo wake ukae kwenye chuma kizima, mradi isizibe njia ya oili. Kisha jaribu gia boksi kwa hewa kabla ya kutia oili: psi 14 kupitia tundu la juu, izamishe kwenye beseni, isitoe povu na sindano isishuke kwa sekunde 10. Oili ya gia mililita 250, ijaze kutokea tundu la CHINI mpaka itoke la juu. Ukimimina juu inafungia hewa. Meno ya shafti kuu yapake grisi ya maji kabla ya kuyarudisha, ili mwaka kesho yatoke.

Plagi nyingi za aina hii ni NGK B7HS-10, nafasi 0.9 hadi 1.0 mm.

---

Nanga_Kilwa

Nimeelewa, nitabori zote mbili. Swali la mwisho: kuizoesha baada ya kufunga inakuwaje? Fundi anasema niikimbize nusu siku kisha niendelee na kazi.

---

Shela_Lamu

Nusu siku haitoshi. Saa 10 za kwanza mchanganyiko uwe 25 kwa 1, mililita 800 kwenye lita 20. Dakika 10 za mwanzo ni mwendo wa chini kabisa, ukiangalia mkojo muda wote. Ukikatika, zima papo hapo. Dakika 50 zinazofuata usipite nusu ya gesi. Saa ya pili unaweza kuinua boti kisha ushushe hadi robo tatu. Saa nane zilizobaki, mwendo wowote ila gesi ya mwisho isizidi dakika tano kwa mfululizo. Usishike mwendo mmoja kwa muda mrefu, na siku hizo usibebe nyavu zote na barafu.

Rafadha nayo itizamwe. Mashine hii inatakiwa ifike mizunguko 4500 hadi 5500 gesi ikiwa ya mwisho. Boti nzito yenye rafadha ya mapanga makali haifiki, mashine inalemewa na joto linapanda. Namba ya pili iliyopigwa kwenye rafadha ndiyo ya kupunguza.

Na kila jioni, dakika kumi ndani ya pipa la maji baridi yasiyo chumvi, maji yapite juu ya impela, gia ikiwa huru. Bila hivyo zile njia zitajaa tena.

---

Nanga_Kilwa

Na boliti za hedi, nirudie kuzikaza baada ya saa hizo 10? Zikiwa za moto au za baridi?

---

Fundi_Feri

Baridi kabisa, iache ilale usiku mzima. Spana ya toki, namba ileile ya awamu ya pili, kuanzia katikati. Siku hiyohiyo mwaga oili ya gia uiangalie rangi: ikiwa imerudi kuwa ya maziwa, sili ya shafti ya rafadha haijakaa.